Wasichana wameshasoma sayansi, sasa tuambieni nani atakuwa profesa Kigoma

Ndugu mhariri,

Naandika kutoka Mwanga, Kigoma, huku mwisho wa reli. Kila ikikaribia Machi 8, siku ya wanawake, na tena yakitoka matokeo ya form six, tunasikia wimbo ule ule, wasichana someni sayansi, wasichana msiogope fizikia, viongozi wanapiga picha na watoto waliovalishwa makoti meupe, makofi yanapigwa alafu watu wanaenda kula pilau. Mimi ni nesi, nimekaa wodini hapa mjini na Kasulu miaka ya kutosha, na nataka kusema kwamba wasichana wameshaisoma hiyo sayansi. Wamesoma, wamefaulu, wamekuja. Ingia wodi yoyote asubuhi wakati wa raundi uangalie maintani, madaktari waliomaliza chuo wakiwa mwaka wa mafunzo, waliosimama na mafaili mkononi, mabinti ni wengi tu. Alafu mwangalie yule anayeongoza raundi, anayeuliza maswali, anayeitwa profesa akija kutoka mjini. Hapo ndipo nilipo na shida napo.

Kwa hiyo huu wimbo wa kuwahamasisha watoto wa kike naomba upumzishwe kidogo, tuongelee wale waliohamasika tayari.

Sababu ya kuandika sasa hivi ni hii kampasi ya MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, inayojengwa huku kwetu kupitia mradi wa elimu ya juu wa HEET, ule mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 uliogawiwa vyuo vingi nchini. Watu wa Kigoma tumefurahi, na tuna haki ya kufurahi, mkoa wenye watu 2,470,967 kwa sensa ya 2022 na mtoto akitaka kuwa daktari lazima apande treni au basi zaidi ya kilomita elfu moja mpaka Dar, au aende Bugando Mwanza, au KCMC Moshi, au chuo kingine cha mbali. Ila sikiliza mazungumzo ya mtaani, ni viwanja vimepanda bei, ni nani anajenga vyumba vya kupangisha wanachuo, nani ataweka banda la chipsi, bodaboda wanahesabu hela ambazo bado hazijafika. Sijasikia mtu anauliza nani atafundisha pale. Majengo yatakwisha, tepe itakatwa, alafu walimu watatoka wapi, na kati yao wanawake watakuwa wangapi, na miaka 10 baadae wangapi watakuwa wamebaki na kupanda cheo. Hilo ndilo swali langu lote, mengine ni maelezo tu.

Najua mtu atasema mama tulia, wanawake kwenye udaktari bado ni jambo jipya, tuwape muda. Jipya gani? Josephine Nambooze alimaliza udaktari Makerere 1959, kabla hata sisi hatujapata uhuru. Hapa kwetu Profesa Esther Mwaikambo, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari, alisomea Urusi enzi za Umoja wa Kisovieti akamaliza 1969, akawa bingwa wa watoto, akafundisha, akashiriki kuanzisha MEWATA, chama cha madaktari wanawake, 1987, na akaja kuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki. Toka 1969 mpaka leo ni zaidi ya miaka 50. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule anakaribia kustaafu sasa hivi na bado tunaambiwa tuwape muda.

Na wapo wengine, sisemi hawapo. Profesa Marina Njelekela watu wengi wanamkumbuka kwa zile kampeni za MEWATA za kupima saratani ya matiti, baadae akawa mkurugenzi mtendaji wa Hospitali ya Taifa Muhimbili. Profesa Julie Makani na kazi yake ya selimundu, mpaka Royal Society ya Uingereza ikampa tuzo 2011. Dokta Mwele Malecela, Mungu amrehemu, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuongoza NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kuanzia 2010, mtu wa matende na mabusha yule, ugonjwa ambao mabwana wakubwa hawakupenda hata kuutamka. Desemba 2016 akatangaza matokeo ya utafiti wa zika na kesho yake akaondolewa kwenye kiti, ila WHO wakamchukua na akaenda kuongoza idara nzima ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele duniani mpaka alipofariki Februari 2022. Nikifika kwa Mwele huwa nachelewa kuondoka, mtanisamehe, nilikuwa nampenda sana yule mama.

Sasa ona hapo, mimi nesi wa Kigoma nimewataja kwa majina bila kufungua kitabu. Maprofesa wanaume wa udaktari nikiambiwa niwataje siwezi kuwamaliza, wengine hata sura siwajui. Ukiona kundi unaweza kulitaja mtu mmoja mmoja ujue bado ni dogo.

Wanaanguka wapi? Kwenye mtihani hapana. Wanaangukia kwenye miaka, na naomba tuhesabu pamoja. Binti anaingia chuo ana miaka 20, MD, yaani shahada ya udaktari, ni miaka 5, intani mwaka 1, tayari 26. Hapo anasubiri ajira, na kusubiri ajira siku hizi wote tunajua kukoje, anajitolea huku na huku, akipata kituo wilayani ana 28. Afanye kazi kidogo kabla mwajiri hajamruhusu kwenda kusoma, aende masta miaka 3 au 4 kutegemea na fani, anatoka ana 34. Anataka kuwa mhadhiri wa kweli kweli sio wa kuazimwa, basi kuna PhD mbele. Bado kuna kupanda kutoka mhadhiri kwenda mwandamizi, kwenda profesa mshiriki, alafu profesa, na kila ngazi wanadai machapisho. Na katikati ya hiyo 26 na 38 ndipo Mungu alipoweka kuzaa. Mwanaume miaka hiyo hiyo anaoa, anapata watoto 3, anaendelea na safari, hakuna anayemuuliza watoto kamwachia nani.

Mtoto wa mdogo wangu kapita humo humo, jina lake silitaji na chuo chake sikitaji. Binti mwenye kichwa, toka sekondari, na tangu akiwa intani alikuwa anasema mamkubwa mimi nataka kufundisha, sitaki kuishia kuandika dawa. Alianza kutaka upasuaji, huko akaulizwa na mkubwa mmoja tena kwa kucheka, sasa wewe utaolewa lini, akaona bora aende magonjwa ya ndani. Mwaka wa pili wa masta akapata mimba, ya ndani ya ndoa, sio kwamba inahusu ila nasema kwa sababu najua mtauliza. Sapavaiza wake akamwambia si ungesubiri umalize, haraka ya nini. Likizo alienda, akarudi, ratiba ya zamu za usiku ikawa ile ile kama vile hajajifungua, na yeye ananyonyesha. Mwenzake wa kiume aliumwa malaria zamu zake zikapangwa upya siku hiyo hiyo na wala hakuna aliyenuna. Yeye kuomba asogezewe akaambiwa hapa hatuleti mambo ya nyumbani. Mtoto alivyoanza kukaa tukamfuata, tukamleta Kigoma kwa treni, akalelewa na bibi yake Gungu, na mama yake huko anakamua maziwa chooni anamwaga maana hana pa kuyaweka. Muda wa kukusanya data ukampita, akaahirisha, darasa lake likamaliza bila yeye. Mwaka ule idara ilikuwa na nafasi ya mhadhiri msaidizi, ikachukuliwa na aliyemaliza kwa wakati, na sina ubaya nae, alikuwa kijana mzuri tu na yeye hakumnyang'anya mtu. Binti yetu alikuja kumaliza baadae, sasa ni bingwa kwenye hospitali fulani, anatibu vizuri, watu wanamsifia. Kufundisha hafundishi. Nafasi haikutokea tena, na ilivyotokea ikatakiwa mtu mwenye machapisho.

Mtu atasema mbona sheria ipo. Ipo kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, siku 100 kama kajifungua pacha, na muda wa kunyonyesha usiozidi masaa 2 kwa siku. Ila niambie wewe unayejua wodi, masaa 2 ya kunyonyesha daktari anayesoma masta anayachukua wapi, kwenye raundi? Katikati ya zamu wakati mgonjwa anabadilika hali? Na hata akipewa, mtoto yuko wapi, maana kutoka chuoni mpaka alipopanga ni daladala mbili. Sheria inampa saa ila haimpi chumba. Na chuo kina kalenda yake, ukikosa rotesheni moja, yaani kipindi cha kujifunza kwenye wodi fulani, unairudia, ukirudia umechelewa, na ukichelewa umeitwa mzembe. Hakuna aliyevunja sheria yoyote na bado mwalimu kapotea.

Kitu kinachonikera zaidi ni hiki. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni, na aliyetangaza ni Profesa Joyce Ndalichako, mama wa kwetu kabisa huyu, aliyekuwa mbunge wa Kasulu Mjini. Yeye sio daktari wa binadamu, ni profesa wa mambo ya upimaji wa elimu, aliwahi kuongoza NECTA, lakini huku kwetu ukitaka kumwonyesha binti profesa mwanamke mwenye lafudhi ya nyumbani ni yeye tunayemwonyesha. Sasa nauliza, kama nchi imekubali mtoto wa form two aliyejifungua arudi darasani kwake aendelee, inakuwaje daktari mtu mzima mwenye ndoa yake na shahada yake, akijifungua anapoteza mwaka, anapoteza nafasi, na anaambiwa si ungesubiri? Wa form two tumemwonea huruma, wa masta tumemwona msumbufu.

Tuje kwenye hayo machapisho, maana huko ndiko cheo kinakotoka na wengi nje ya vyuo hawajui. Mhadhiri hapandi kwa sababu anafundisha vizuri, kufundisha kunahesabiwa ila pepa ndio mfalme. Pepa inataka muda wa kukaa kimya, inataka mradi wenye hela, inataka jina lako liwe la mwanzo au la mwisho kwenye orodha maana la katikati halina uzito sana. Na wanawake vyuoni wanapewa nini? Wanapewa ulezi wa wanafunzi, dawati la jinsia, kamati ya mahafali, kusimamia mitihani, mwanafunzi akilia anapelekwa kwa madam flani, mgeni akija madam aandae chakula. Kazi nzuri zote hizo na lazima zifanyike, lakini hakuna hata moja inayokupandisha. Wakati huo mwenzake yuko hotelini Bagamoyo kwenye semina ya kuandika pepa.

Na sisi manesi tusisahauliwe, maana udaktari wa chuo haufanywi na madaktari peke yao. Nani anakaa na dodoso kwenye benchi la kliniki ya wajawazito kuanzia saa 1 asubuhi? Nani anamshawishi mama wa Ujiji akubali kutolewa damu mara ya pili kwa ajili ya utafiti ambao hata yeye nesi haelewi utaishia wapi? Wengi ni wanawake, tunapewa posho ya siku na soda, tukibahatika jina letu linawekwa chini kabisa kwenye shukrani, pamoja na dereva. Kigoma hii imeandikwa sana. Ule mradi wa uzazi salama wa Bloomberg Philanthropies ulioanza 2006, ambao vituo vya afya viliboreshwa na madaktari wasaidizi wakafundishwa kufanya upasuaji wa kujifungua vijijini, uliokoa watu kweli, mimi ni shahidi, na umeandikwa kwenye majarida ya nje mara nyingi. Ningefurahi siku moja nione mwanamke aliyezaliwa Kasulu au Kibondo jina lake ndio la kwanza kwenye utafiti wa uzazi wa Kigoma. Sisemi hayupo popote, nasema mimi sijakutana nae.

Wala sio Tanzania peke yake, nisije nikaonekana naisema nchi yangu tu. Binti yetu alinitumia WhatsApp utafiti mmoja uliotoka 2006 kwenye New England Journal of Medicine, waliangalia majarida makubwa ya udaktari, wakakuta mwaka 1970 madaktari wanawake wa Marekani walikuwa asilimia 5.9 tu ya waandishi wa kwanza wa pepa, na 2004 wakafika asilimia 29.3. Kwa mwandishi wa mwisho, yule mkubwa mwenye mradi, walitoka asilimia 3.7 wakafika 19.3. Miaka 34 hiyo. Na 2019 wanafunzi wa kike wa udaktari Marekani wakazidi nusu kwa mara ya kwanza, ila ukija kwa maprofesa kamili wanawake walikuwa kama robo tu. Kwa hiyo wale wanaosema subirini wakiingia wengi watapanda wenyewe, waangalie huko waliko na hela na kila kitu. Kuingia kwa wengi peke yake hakupandishi mtu. Ni kama kuvua dagaa usiku kucha na wavu uliotoboka, unaweza ukaongeza taa unavyotaka.

WHO nao walitoa ripoti 2019, wafanyakazi wa afya duniani asilimia 70 ni wanawake, kwenye uongozi wa juu ni asilimia 25. Hii namba niliisoma nikacheka, maana niliangalia kikao chetu cha asubuhi nikaona ni kikao hicho hicho.

Lakini kisa kinachofundisha kuliko vyote ni cha Japani. Mwaka 2018 iligundulika Chuo Kikuu cha Tiba cha Tokyo kilikuwa kinapunguza maksi za wasichana kwenye mtihani wa kuingia, kwa makusudi, na wamefanya hivyo miaka mingi. Hoja yao ikawa kwamba wanawake wakizaa wanaacha kazi, hospitali zinabaki bila madaktari. Walivyobanwa wakaacha, mtihani uliofuata wasichana wakafaulu sawa na wavulana na hata kuwazidi kidogo. Watu wote wakashangaa, mimi nikasema angalau Wajapani waliandika kwenye makaratasi. Hapa kwetu hatupunguzi maksi ya mtu, tunamwacha afaulu vizuri, tunampongeza, alafu hiyo hoja ya kuzaa tunaitumia baadae kimya kimya kwenye kikao cha kugawa nafasi, yule ni mzuri lakini si ndio kaolewa juzi, tusimpe mradi atatuangusha.

Na sio wanaume peke yao wanaosema hivyo, tuwe wakweli. Kuna wamama wakubwa kwenye hizi taasisi ambao walipita kwa shida, walizaa Ijumaa wakarudi Jumatatu kama wanavyopenda kusimulia, na sasa wanataka kila binti apite hapo hapo. Mimi nilivumilia na wewe vumilia. Nawaheshimu, ila uvumilivu wao ulitakiwa uwe mwisho wa hiyo shida, sio kipimo cha kupimia wengine.

Kuna kingine kinachotugusa sisi wa mikoani zaidi. Daktari mwanaume akipangiwa Kigoma, mke anamfuata, akiwa mwalimu anaomba uhamisho anakuja kufundisha Gungu au Buhanda, maisha yanaendelea. Daktari mwanamke akipangiwa Kigoma na mume yuko Dodoma kwenye ofisi fulani, mume hahami. Yani hata kuulizwa haulizwi. Atakayehama ni mke, ataandika barua ya kumfuata mwenza, na ataenda kwenye hospitali yoyote yenye nafasi sio yenye chuo. Nimeshaona mabingwa wanawake wakija hapa na moyo wote, mwaka unapita, miwili, kifuatacho ni sherehe ya kumuaga na kitenge. Sasa hivi tunapata kambi za madaktari bingwa wa Mama Samia, tunashukuru, watu wanapanga foleni toka alfajiri, lakini wanakaa siku chache wanarudi. Chuo hakiendeshwi kwa kambi. Wanafunzi wa kampasi yetu wakifundishwa na watu wanaokuja kwa ndege Jumatatu na kuondoka Alhamisi, niambieni hao walimu watakuwa kina nani. Mama mwenye mtoto mdogo hatakuwemo.

Kabla sijaandikiwa majibu, mimi sitaki viti maalum kwenye udaktari. Kuna dada mmoja tunabishana nae kila siku kuhusu hili, yeye anataka sheria iseme nusu ya maprofesa wawe wanawake basi. Mimi naogopa, kwa sababu naujua mdomo wa watu, profesa aliyepata kwa bidii yake ataitwa wa viti maalum mpaka anastaafu, na mgonjwa ataomba abadilishiwe daktari. Ninachotaka ni mwendo uwe ule ule na kipimo kile kile, ila saa isimhesabie mtu siku alizokuwa leba. Mtu akichukua likizo ya uzazi, huo muda utolewe kwenye ile miaka anayopimwa kupandishwa cheo, na mwanafunzi wa masta aliyejifungua arudi pale alipoishia, sio kuanza rotesheni upya. Hakuna mgonjwa atakayekufa kwa hilo.

Na kwa kuwa kampasi ya kwetu ndio inaanza, hakuna mila ya zamani ya kupigana nayo pale, hakuna mzee atakayesema hapa tumezoea hivi. Wanaweza kuanza vizuri bila hela nyingi. Chumba cha watoto kiwepo, karibu na madarasa, na kingine karibu na wodi watakapofundishia, chenye friji na mlango unaofungwa. Vikao vya idara viwe mchana, hii tabia ya kuita kikao saa 12 jioni alafu mnaamua mradi apewe nani saa 2 usiku, aliyeenda kumchukua mtoto ameshakosa. Mabinti wa huku watakaofanya vizuri waajiriwe wakufunzi wasaidizi mapema na wapelekwe kusoma wakiwa na barua ya kurudi mkononi, na mwenza wake kama ni mtumishi wa serikali asaidiwe uhamisho kuja Kigoma kwa kasi ile ile wanayosaidiwa wake za wakubwa. Nesi aliyekusanya data ya miezi mingi na akachangia kuichambua na kuiandika jina lake liingie kwenye pepa, sio kwenye shukrani. Na kila mwaka chuo kibandike ukutani na kwenye gazeti lako, wahadhiri wangapi wanawake, waandamizi wangapi, washiriki wangapi, maprofesa wangapi. Hiyo ya mwisho haina gharama kabisa na ndio naamini itapigwa chenga kuliko zote.

Kwa nini tujali? Wengi wanaleta hoja ya kwamba wagonjwa wanawake wanapenda daktari mwanamke, na kweli akina mama wa Ujiji wananiuliza kila siku, nesi leo hakuna daktari wa kike? Saratani ya mlango wa kizazi ndio inaongoza kwa wanawake nchi hii na kuna wanaokwepa kupimwa kwa aibu tu. Hoja ni ya kweli lakini siipendi kuitegemea, maana inaishia kuwafungia madaktari wanawake kwenye wodi ya wazazi na ya watoto, na mimi nataka niwaone kwenye mifupa, kwenye ubongo, kwenye moyo. Mimi naona ni hasara tu. Nchi imemsomesha mtu kwa mkopo wa bodi, labda na ufadhili wa Samia Scholarship, kaongoza darasa, ana uwezo wa kufundisha madaktari mamia katika maisha yake, alafu tunampoteza kwa kukosa chumba chenye friji na ratiba ya zamu. Mfanyabiashara wa migebuka pale Kibirizi hawezi kukubali hasara ya namna hiyo hata siku moja.

Kwa hiyo wahusika wa kampasi ya Kigoma, na nyie wa wizarani mnaosoma gazeti hili, michoro mnayo nyie. Naomba mtu mmoja tu ajibu kupitia gazeti hili hili, chumba cha watoto kipo jengo gani, na katika watu mnaotegemea kuwaajiri kufundisha hapa, ni wanawake wangapi wameshapelekwa kusoma. Kama jibu ni bado, semeni bado, sisi tutauliza tena.

Nesi wa wodi,
Mwanga, Kigoma